Waya Usiokwenda Popote

Corinne Sobotka alipanda ngazi ya ghala polepole, mkanda wa usalama umembana kiunoni, huku Denny Kucera akimshikia kamba kutoka chini. Denny alikuwa mkuu wa zimamoto wa kujitolea wa kaunti ile, na siku nyingine zote alikuwa fundi wa matrekta. Upepo wa Machi ulikuwa unapiga bati la ghala likalia kama sufuria. Ubavuni bati lilikuwa na matundu mapana. Zimamoto waliyakata kwa misumeno siku ile, mahindi yamwagike ili wamfikie mwenye ghala, Verlin Tietjen, aliyekuwa amezama ndani. Walimfikia, lakini alikuwa ameshakufa.

Sobotka alikuwa mpelelezi wa Ofisi ya Mkaguzi Mkuu, ile inayofuatilia ruzuku za utafiti ambazo serikali huzipa kampuni ndogo za teknolojia. Kwa kawaida kesi zake zilikuwa za mjini: mtu amepewa fedha za kubuni betri, akanunua mashua. Hii ilikuwa kesi yake ya kwanza yenye harufu ya mahindi yaliyooza.

Juu, kando ya kilango cha kuingilia ghalani, palikuwa na boksi jeupe la plastiki, ukubwa wa mkate, lenye picha ya mwewe na jina la kampuni: Ambrel. Ripoti zilizopelekwa serikalini zilisema ndani yake mna rada. Mtu akitia mguu ghalani, rada inamwona, nayo inazima mota inayozungusha parafujo kubwa la chuma chini ya mahindi, la kuyatoa nje. Parafujo likizunguka, mahindi hushuka kama maji kwenye sinki, na aliyesimama juu yake huzama kabla hajamaliza kupiga kelele. Ndiyo maana serikali ilitoa ruzuku. Kampuni kubwa hazikuona faida katika kuwaokoa wakulima, kwa hiyo ikatafutwa ndogo.

Chini kidogo ya boksi, waya mweupe wa kupeleka amri ya rada kwenye mota, ulioshuka pamoja na ngazi, ulikuwa umekatwa.

"Umeuona?" Denny aliuliza kwa sauti.

"Nimeuona."

"Huo ndio sherifu alioushikilia alipouona kutoka chini siku ya mazishi. Akasema Verlin kaukata mwenyewe, kisha kaingia. Gazeti likaandika hivyo hivyo."

Ambrel nao walisema hivyo hivyo. Wakulima hawana subira, walieleza; mashine ikisimama mara mbili wanachukua koleo na kukata waya. Sobotka alipiga picha ncha ya waya kwa karibu. Ngazi yote, boksi lote na waya wenyewe vilikuwa vimegandwa na makapi mekundu ya mahindi, yale yanayonata kama ngozi ya kitunguu. Pale penye mkato shaba ilikuwa safi.

"Denny, siku ile nyinyi mlikata nini na nini?"

"Bati. Na umeme, kule kwenye nguzo."

"Huu waya hamkuugusa? Semeni tu kama mliugusa, hakuna atakayewalaumu. Mlikuwa mnaokoa mtu."

Denny akawa kama anaipanda tena ngazi ile akilini. "Mimi ndiye niliyepanda hapo kwanza. Nilifunga kamba kwenye kipago hicho hicho ulichoshika. Huo waya ulinikera sana, ikabidi nipitishe kamba nyuma yake."

"Nyuma yake."

"Ndiyo. Ulikuwa umebana kwenye ngazi kama uzi wa gitaa."

"Kwa hiyo ulikuwa mzima, na Verlin alikuwa ameshazama."

Chini, Denny akatukana, akaomba radhi, akatukana tena.

"Ulimwambia sherifu?"

"Hakuniuliza, dada. Alikuja na jibu lake mfukoni."

Sobotka alishuka. Wengi wangeishia hapo: waya umekatwa baada ya kifo, atafutwe aliyekata. Yeye hakuishia hapo. Aliufuata waya kwa mkono mpaka chini, mahali ulipoingia kwenye bomba la plastiki, akaufuata nyuma ya ghala hadi kwenye boksi la chuma la swichi za mota. Akavaa glavu, akachukua bisibisi, akafungua kifuniko.

Nyaya za mota zilikuwa mle, nyeusi na nene, zimekaa kwenye swichi zake tangu miaka mingi. Waya mweupe uliingia kwa tundu la chini, ukapinda, ukaishia kwenye kona. Ncha yake ilikuwa imekunjwa na kuviringishwa utepe mweusi. Haikugusa kitu chochote.

Denny aliinama akitazama, pumzi zake zikisikika. "Hauendi popote."

"Hauendi popote. Na makapi yaliyoganda kwenye utepe ni ya misimu, si ya wiki. Haujawahi kwenda popote."

"Sasa kama hauna kazi, mtu aukate wa nini?"

"Ili wewe na mimi tuone mkato, tuseme aha, tuishie pale juu. Mtu akishaona waya umekatwa hatafuti tena kama uliwahi kuunganishwa."

Walipanda tena, safari hii kulifungua boksi la Ambrel. Sobotka alipiga picha kila skrubu kabla ya kuigusa. Ndani hamkuwa na rada. Mlikuwa na betri, taa ndogo ya kijani, na duara la plastiki lenye jicho la kioo, limepakwa rangi nyeupe kufunika jina la aliyelitengeneza.

"Hii ninayo mlangoni kwangu," Denny alisema kutoka kipago cha chini, na sauti yake haikuwa ya mzaha. "Nimeinunua duka la vifaa. Inawasha taa paka akipita."

*

Lorna Tietjen, mjane wa Verlin, aliwawekea mezani mabakuli ya chili, mchuzi mzito wa nyama na maharage, na mikate ya mdalasini, akakataa kusikia kwamba hawana njaa. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye mikono mikubwa, na tangu mazishi alikuwa hajarudi kanisani.

"Wananitazama," alisema. "Hawasemi kitu, wananitazama tu. Mke wa yule mkaidi aliyekata waya. Verlin wangu! Mtu anayefunga mkanda wa gari kutoka hapa hadi kwenye sanduku la barua."

"Mama Lorna, baada ya zimamoto kuondoka, nani alipanda ile ngazi?"

"Hakuna. Nani atake kupanda?" Akasita, kijiko mkononi. "Ila Daktari Haugland."

"Mwenye Ambrel?"

"Alikuja siku moja kabla ya mazishi. Kaleta paja zima la nguruwe wa kuokwa. Akakaa hapo ulipokaa wewe, akanishika mkono, machozi yakimlengalenga. Akaomba apande peke yake amuage Verlin pale alipofia." Aliweka kijiko chini taratibu. "Nikamwazima glavu, mwanangu. Nilimwona hana glavu, nikampa za Verlin."

Denny alisogeza bakuli lake pembeni.

"Siku walipoliweka lile boksi," Sobotka aliuliza, "Verlin aliwahi kuliona likifanya kazi?"

"Aliliona! Ndiyo maana aliliamini. Haugland alipanda naye juu, mota inaunguruma. Verlin akatia mguu mmoja ndani, mota ikazima papo hapo. Akautoa, ikawaka. Aliingia humu anacheka, akaniambia, Lorna, kuanzia leo nina mlinzi, wewe pumzika."

"Walikuwa wawili tu?"

"Na msichana mmoja, mhandisi wa Ambrel. Yeye alibaki chini." Lorna alionyesha dirisha lililo juu ya sinki. "Nilikuwa naosha vyombo. Nikampungia mkono, hakunipungia. Nikasema huyu kalelewa wapi, hapa hata adui yako unampungia."

Sobotka alisimama, akaenda kwenye sinki. Kutoka pale boksi la swichi lilionekana lote, nyuma ya ghala, upande ambao mtu aliye juu ya ngazi hawezi kuuona.

"Mikono yake ilikuwa wapi, mama?"

Lorna alikuja akasimama kando yake. Alitazama nje kwa muda mrefu, na Sobotka aliona damu ikimpanda usoni kidogo kidogo, kutoka shingoni.

"Kwenye swichi," alisema. "Mkono kwenye swichi, macho kwenye ngazi. Ewe Mungu. Walikuwa wanamchezea."

*

Araceli Quintero, yule mhandisi aliyebaki chini ya ghala, sasa alikuwa akitengeneza mitambo ya ubaridi kwenye kiwanda cha nyama cha mjini Lexington. Alitoka wakati wa mapumziko, koti zito begani, akamkuta Sobotka akimngoja kwenye maegesho. Alipoonyeshwa kitambulisho hakuuliza amekuja kwa nini.

"Nilisoma gazetini," alisema. "Nikajiambia kakata waya mwenyewe. Nilitaka sana iwe hivyo."

"Unajua waya ule haukuunganishwa."

"Najua. Mimi ndiye niliyeukunja."

"Nieleze."

"Rada ilikuwapo, afisa. Sikiliza hilo kwanza. Niliibuni mimi, ilikuwa mezani, inaona mtu kwenye vumbi hata akiwa amezama hadi kifuani. Ilihitaji mwaka mwingine. Haugland akasema hatuna mwaka, wa serikalini wanataka kuona majaribio mashambani, la sivyo awamu ya pili ya ruzuku inakwenda kwa wengine. Akasema tuweke maboksi ya maonyesho, tupige picha, kisha tuyaondoe."

"Na swichi?"

"Niliibonyeza." Alisema bila kuangalia pembeni. "Haugland aliinua mkono kule juu kama anajikuna kichwa, nikabonyeza. Akaushusha, nikaachia. Yule mzee alikuwa anacheka kwa furaha. Kuna mama alinipungia kutoka dirishani, nikashindwa hata kuinua mkono."

"Halafu?"

"Wiki iliyofuata nikamwambia tukaliondoe. Akasema keshaliondoa. Baadaye nikagundua rada yangu imewekwa kabatini na mafundi wawili wamefukuzwa. Ruzuku yenyewe inalipia ofisi mpya na watu wa matangazo. Nikaacha kazi. Nilidhani kuacha kazi kunatosha."

"Hakukutosha."

"Hapana."

Sobotka alimwacha avute pumzi. "Utayasema haya mbele ya hakimu? Ujue yanakugusa na wewe."

"Nitayasema mbele ya yule mama kwanza." Kisha akamshika Sobotka mkono, ghafla, kwa nguvu. "Maboksi mengine umeyaondoa?"

"Mengine yapi?"

"Yalikuwa matatu! Masharti yalitaka mashamba matatu. Hayo mawili aliyaweka na kijana wa matangazo baada ya mimi kuondoka. Sijui ni kwa nani."

Katika ripoti zilizokuwa kwenye gari la Sobotka majina ya wakulima yalikuwa yamepakwa wino mweusi, kwa ombi la Ambrel, kama siri ya biashara. Na wiki ile bei ya mahindi ilikuwa imepanda. Kaunti zote, kila mwenye ghala alikuwa anawasha mota ayatoe mahindi auze.

*

Daktari Preston Haugland alimpokea kesho yake asubuhi, mjini Lincoln, kwenye ofisi ya vioo yenye mwewe ukutani. Alikuwa na wakili wake, mtu mnene mkimya. Haugland mwenyewe alikuwa na uso mzuri wa mtu anayependwa na kamera.

"Nimevunjika moyo na kifo kile," alianza.

"Naamini. Nikukumbushe kwamba kumdanganya mpelelezi wa serikali ni kosa peke yake, hata kama hujaapa. Boksi la kwa Tietjen lilikuwa linafanya kazi?"

"Lilikuwa linafanya kazi mpaka lilipoingiliwa."

"Rada?"

"Rada."

Sobotka aliweka picha moja mezani. Jicho la kioo, rangi nyeupe imekwanguliwa. Haugland aliitazama, kisha akamtazama wakili.

"Hicho kinaweza kuwa kimewekwa na yeyote," alisema. "Wakulima hubadilisha vifaa."

"Verlin alitoa rada, akaweka kiwasha taa cha paka, akakipaka rangi, kisha akakata waya wake mwenyewe, akaenda kufa?"

"Preston," wakili alisema, "usijibu."

"Waya ulikuwa mzima zimamoto walipopanda. Ulikatwa kabla ya mazishi. Mtu mmoja tu alipanda katikati hapo, tena amevaa glavu za marehemu."

Haugland alipojibu, sauti yake ilikuwa imepata joto jipya, la mtu anayeonewa. "Unajua utafiti ni nini, Bi. Sobotka? Utafiti ni kushindwa. Serikali inatoa ruzuku ikijua wengi watashindwa. Ukitufunga kwa kushindwa, nani atabuni kitu nchi hii?"

"Kushindwa si kosa. Ungeandika, tumeshindwa, mpeni mwaka mmoja binti mwenye rada mezani, leo nisingekuwa hapa, na Verlin Tietjen angekuwa anauza mahindi yake. Hukushindwa wewe. Uliizima mota kwa mkono wa mtu ukamwambia mzee wa watu ni mashine, akakuamini na mwili wake. Kisha ukarudi na nguruwe wa kuokwa ukamfanya mkaidi mbele ya kanisa lake."

"Hii ni hotuba," alisema wakili. "Mteja wangu hatajibu tena."

"Sawa. Asijibu ya kesi." Sobotka alimgeukia Haugland, akaweka kalamu chini. "Hili si la kesi. Maboksi mawili yako wapi?"

Haugland alisogeza ile picha pembeni.

"Majina mawili tu. Wakili, mwambie anaweza kuyasema, sitayaandika. Kuna watu wanaingia maghalani leo, saa hii, kwa sababu ya taa ndogo ya kijani."

Wakili alimwinamia mteja wake, akanong'ona. Haugland alisikiliza. Akaangalia nje ya dirisha, kwenye maegesho, na Sobotka aliona jinsi alivyokuwa anapima: kuyataja ni kukiri kwamba ni hatari. Alipima kwa utulivu kabisa, kama mtu anayechagua kiti.

"Sikumbuki," alisema.

Sobotka alisimama. Maneno aliyokuwa nayo mdomoni yasingefaa kuingia kwenye kumbukumbu za mahojiano. Alipitia mlango wa vioo, ngazi, maegesho, akawa tayari ana simu sikioni. Hati ya upekuzi ingetoka, lakini hakimu alikuwa hajaketi bado.

"Denny, wewe una redio ya zimamoto. Inafika wapi?"

"Kwetu. Lakini wa jirani wanaweza kuidaka na kupokezana. Mpaka mpakani kabisa, tukitaka."

"Tunataka. Sema kila mwenye boksi jeupe la mwewe kwenye ghala lake asiingie, azime mota, na anipigie mimi. Taja namba yangu."

"Wakubwa zako wamekuruhusu?"

"Nitawauliza baadaye."

"Hapo sawa," alisema Denny, akakata.

Alikaa ndani ya gari mlango wazi. Kwenye ghorofa ya juu Haugland alikuwa amesimama nyuma ya kioo, kikombe mkononi, anamtazama. Simu ililia. Mwanamke wa karibu na Ainsworth: analo boksi, ndiyo, lakini ghala lake tupu tangu Krismasi, kuna nini? Sobotka alimweleza, akamwomba asiliguse, akamshukuru.

Moja.

Akangoja. Wakili alitoka, akapita bila kumwangalia, akaondoka na gari lake. Hati ya upekuzi ikaja kwa ujumbe, imesainiwa, na wenzake wawili wakafika na makasha ya ushahidi. Akawaashiria watangulie ndani. Alikuwa anafunga mlango wa gari ndipo simu ilipolia tena.

"Orval Pokorny hapa, wa Sargent." Sauti ya mzee, na nyuma yake ngurumo nzito inayozunguka bila kukoma. "Mpwa wangu wa zimamoto ananiambia nikupigie. Ninalo boksi la mwewe. Zuri sana, halijawahi kunisumbua."

"Bwana Pokorny, nini hicho kinachounguruma?"

"Mota. Mahindi yameganda, tunayavunjavunja yashuke."

"Nani anayavunja?"

"Glenda, mke wangu. Yeye mwepesi, mimi magoti yamenishinda. Usiwe na wasiwasi, bibi, taa ya kijani inawaka, naiona kutoka hapa."

"Zima mota."

"Unasema?"

"Boksi ni bovu! Halina kitu ndani! Zima mota sasa hivi!"

Simu ilianguka kwenye kitu kigumu. Sobotka alisikia viatu vizito vikikimbia kwa kusuasua juu ya changarawe, na ngurumo ile ile, ile ile, haibadiliki. Alikuwa ameshika paa la gari kwa mkono wote. Mzee alikuwa anapiga kelele jina la mkewe, mara mbili, mara tatu, sauti ikipasuka. Kisha kikasikika kishindo cha chuma na ngurumo ikaanza kushuka, ikawa mvumo, ukafifia, ukaisha.

Upepo tu.

Halafu kutoka mbali, kutoka ndani ya bati, sauti ya mwanamke, imejaa vumbi na hasira:

"Orval! Kelele zote hizo za nini, na nani kakwambia uzime?"